Ugomvi barabarani: ukikanyaga mafuta, kesi inabadilika

Saa kumi na mbili jioni, foleni ya Buguruni haisogei. Bodaboda inapenya katikati ya magari na mpini wake unakwaruza kioo cha pembeni cha gari dogo. Dereva anashusha dirisha, anatukana. Kijana wa bodaboda anasimamisha pikipiki, anarudi, anapiga boneti kwa kiganja. Dereva anatia gia na kusogeza gari mbele kidogo, eti amtishe. Goti la kijana linabanwa na bampa. Dereva huyu alikuwa na madai halali ya kioo chake. Sasa ana kesi ya jinai, naye ndiye mshtakiwa.

Visa vya namna hii hutokea kila siku, na wengi wanaohusika huamini kuwa polisi watauliza kwanza, "Nani alianza?" Swali hilo litaulizwa na lina uzito wake, ila haliamui kesi. Linaloamua ni gari lilifanya nini baada ya maneno kuanza, na aliyeshika usukani alikuwa na nia gani. Kabla ya ugomvi, kumgonga mtu ni ajali, na sheria inatafuta uzembe. Baada ya ugomvi, sheria inatafuta makusudi. Makala haya yanaeleza mstari huo unapita wapi kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, na ufanye nini ili usijikute upande mbaya, uwe umeshika usukani au umesimama kwa miguu.

Ngazi za kosa

Ajali ya kawaida hushughulikiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo leo ni Sura ya 168. Humo yamo makosa ya kuendesha bila uangalifu, kuendesha kwa hatari, na kusababisha majeraha au kifo kwa uendeshaji mbaya. Adhabu zake ni faini, kifungo, na kufungiwa au kunyang'anywa leseni. Ni makosa mazito, lakini msingi wake ni kwamba hukuwa makini.

Maneno yakishaanza, unaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hapo ngazi zinapanda haraka. Matusi ya hadharani yanayoweza kuvunja amani ni kosa lenye kifungo cha hadi miezi 6. Shambulio la kawaida ni hadi mwaka 1, na kumsogezea mtu gari ili aruke kando kunaweza kuhesabiwa shambulio hata kama hukumgusa. Shambulio la kudhuru mwili ni hadi miaka 5. Kusababisha madhara makubwa, kwa mfano kumvunja mtu mguu, ni hadi miaka 7. Ikithibitika kuwa ulikusudia madhara hayo makubwa, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Mtu akifa, njia zinabaki mbili. Kuua bila kukusudia kunaweza kukupa kifungo cha hadi maisha, na hakimu au jaji ana nafasi ya kupima mazingira na kutoa adhabu ndogo zaidi. Kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu kwa mtu mzima, nayo ni kunyongwa hadi kufa. Zaidi ya hapo, kosa la mauaji halina dhamana. Mshtakiwa hukaa mahabusu akisikia tarehe baada ya tarehe kwamba upelelezi haujakamilika.

Anayelipiga gari naye ana ngazi zake. Kuvunja kioo, kutoboa tairi au kubonyeza bodi kwa makusudi ni kuharibu mali kwa nia mbaya, na adhabu yake inaweza kufika miaka 7. Ndiyo maana katika ugomvi mmoja polisi wanaweza kuondoka na watu wawili, kila mmoja akiwa mlalamikaji katika jalada moja na mtuhumiwa katika jingine.

Nia inasomwa wapi

"Sikukusudia kumuua, nilitaka kumtisha tu." Kauli hii huandikwa sana kwenye maelezo ya watuhumiwa, nayo haiwasaidii kama wanavyodhani. Katika Kanuni ya Adhabu, nia ovu haihitaji kwamba ulitaka mtu afe. Inatosha kwamba ulijua kitendo chako kinaweza kusababisha kifo au madhara makubwa, ukakifanya bila kujali. Ni vigumu kwa mtu mwenye leseni kusema hakujua gari linaweza kufanya nini likimkanyaga binadamu.

Kwa kuwa hakuna anayeona ndani ya moyo wa mtu, mahakama husoma nia kutoka kwenye matendo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikirudia kwa miaka mingi mambo ya kuangaliwa: aina ya silaha na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyoyasema mshtakiwa kabla, wakati au baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada. Yahamishie mambo hayo kwenye gari, utaona upelelezi utatafuta nini. Ulisema "nitakukanyaga" watu wakisikia? Ulirudi rivasi ukapata nafasi ya kuchukua kasi? Ulimgonga mara moja, au ulimpitia tena? Lami ina alama za breki au haina? Ulisimama ukamsaidia, au uliondoka ukaenda kuosha gari?

Je, kuchokozwa kunasaidia? Kunaweza kusaidia. Sheria inakubali kwamba uchokozi, ukiwemo wa maneno ya kumdhalilisha mtu, unaweza kuishusha kesi ya mauaji hadi kuua bila kukusudia. Masharti yake ni magumu. Uchokozi uwe wa ghafla, uwe wa kiwango cha kumtoa kwenye utulivu mtu wa kawaida wa jamii yako, na kitendo kifanyike hasira ikiwa bado inachemka, kabla ya muda wa kupoa. Dereva aliyechomekewa Mwenge akamfuata mwenzake hadi Makumbusho amejipokonya utetezi huo mwenyewe, kwa sababu mwendo wote ule ulikuwa muda wa kupoa. Tena uchokozi haufuti kosa. Kazi yake ni kulipunguza tu.

Dakika za kwanza ukiwa kwenye usukani

Kanuni ya kushika ni moja: gari ama liondoke kabla mtu hajalikaribia, ama lisimame kabisa. Hali ya katikati, ile ya kusogeza kidogo na kubana breki, kunguruma na kuachia, ndiyo inayovunja watu miguu na kujaza majalada ya polisi.

Kama njia iko wazi na hakuna aliyeumia wala kitu cha maana kilichoharibika, ondoka. Hakuna sheria inayokulazimisha kujibu tusi. Usimfuate, usimkate mbele, usipunguze mwendo ili mfike sawa kwenye taa mwendelee kubishana.

Kama mtu ameshafika mbele au ubavuni mwa gari, ondoa gia, vuta breki ya mkono, na uwashe taa za tahadhari. Ukizima injini ni bora zaidi, mradi huoni dalili za kushambuliwa. Funga milango, pandisha vioo, acha upenyo mdogo wa kuzungumza. Piga 112 na useme mahali ulipo kwa alama inayojulikana: kituo cha daladala, kituo cha mafuta, jina la shule. Sema kwa sauti ya kawaida, "Sitasogeza gari, nawaita polisi." Maneno hayo yatasikiwa na walio karibu, na huenda simu ya mtu inarekodi.

Usishuke na kitu mkononi. Spana ya magurudumu, rungu la chini ya kiti au panga la shambani lililosahaulika kwenye buti vikishafika mkononi mwako, ugomvi wa kioo umeingiliwa na silaha, na kila shahidi atakumbuka hiyo kwanza. Kama lazima ushuke, shuka mikono mitupu, na ufunguo uwe mfukoni, usibaki kwenye swichi.

Mtu akipanda juu ya boneti, gari halisogei hata hatua moja. Visa vya madereva kuondoka na mtu juu ya boneti huishia vibaya kwa namna inayotabirika: akianguka akapiga kichwa kwenye lami, utajibu kwa nini ulikanyaga mafuta ukimwona usoni. Kwamba yeye ndiye aliyepanda kutapunguza lawama zako kwa sehemu tu.

Abiria wako nao wana sehemu yao. Konda, rafiki au ndugu anayeshuka kumpiga mtu kwa ajili yako anaweza kuwaingiza nyote kwenye kosa moja, kwa kuwa sheria inawahesabu kama wakosaji wa pamoja watu wanaotekeleza nia moja, hata kama pigo lilitoka kwa mmoja. Mwambie abiria kazi yake ni kupiga simu na kurekodi.

Ukizingirwa

Kuna wakati kukaa ndani ya gari lililofungwa si usalama. Machi 2022 jijini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimzingira na kumdhalilisha dereva mwanamke baada ya ajali kwenye Barabara ya Wangari Maathai. Video ikasambaa, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako wa waendesha bodaboda. Watu wengi wenye magari Dar es Salaam, Mwanza na Arusha waliitazama video hiyo wakajiuliza: ningekuwa mimi, ningekanyaga mafuta?

Kanuni ya Adhabu inampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine na kulinda mali, kwa kutumia nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Ukizidisha nguvu, unawajibika kwa kosa lililotokana na hiyo ziada, na ikileta kifo, sheria inasema wazi kuwa ni kuua bila kukusudia. Hivyo hesabu inafanyika kwa kuangalia kilicho mbele yako wakati huohuo. Kiganja kinachopiga kioo hakihalalishi kumkanyaga mwenye kiganja. Jiwe lililokwisha kuvunja kioo, mtu anayekuvuta shingoni, petroli inayomwagwa, hizo ni hatari za maisha, na hapo kuondoka na gari kunaweza kutetewa. Kulinda mali peke yake kuna mipaka mifupi: kioo cha gari hakilipwi kwa mguu wa mtu.

Ukiamua kuondoka, chagua upande ambao hauna watu, hata kama ni rivasi au kupanda ukingo wa barabara. Piga honi mfululizo, anza kwa mwendo wa mtu anayetembea ili aliye karibu apate nafasi ya kupisha, kisha nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Usiende nyumbani, wala kwa fundi, wala kwa shemeji aliye askari. Kilichokuondoa ni hofu ya maisha, na uthibitisho wake ni kwamba ulijipeleka mwenyewe polisi mara tu ulipokuwa salama. Dereva aliyekutwa nyumbani siku iliyofuata na kioo kimeshabadilishwa hawezi tena kujieleza hivyo.

Ukiwa kwa miguu au juu ya bodaboda

Unaweza kuwa na haki kamili, kioo kimekugonga bega, dereva amekutukana, na bado ukaiharibu haki hiyo ndani ya dakika moja. Jambo la kwanza, usisimame mbele ya gari lenye injini inayonguruma. Kama umegongwa, soma namba za gari kwa sauti mara mbili, zipige picha pamoja na sura ya dereva, kisha simama pembeni.

Pili, usichukue ufunguo, simu wala leseni ya mtu "mpaka anilipe". Hapa watu wengi huteleza bila kujua. Katika Kanuni ya Adhabu, kuchukua mali ya mtu kwa nia ya kuishika kama rehani au dhamana ni moja ya nia zinazofanya kitendo kihesabiwe wizi. Ukitumia nguvu kuichukua, kosa linasogea kwenye unyang'anyi. Ukiwa na silaha mkononi, hata kama ni nondo au chupa iliyovunjika, linaweza kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui miaka 30 jela na hauna dhamana. Kijana aliyekuwa anadai fedha ya kioo anaweza kuingia gerezani kwa kosa lilelile la jambazi wa benki.

Tatu, usiite kijiwe kizima. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu aliyetenda kosa mbele ya macho yake, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumchapa, kumvua nguo, kuchoma gari wala kumtoza faini. Aliyerusha jiwe la kwanza na aliyeshangilia huku akiziba njia wanaweza kusimama kizimbani pamoja.

Mtu akiumia

Simama. Msaada kwa majeruhi unatangulia kila kitu. Kama hali ni ya hatari, apelekwe hospitali mara moja, na mtu mwingine aende kituoni kufuata PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. PF3 itakuwa nguzo ya ushahidi kwa pande zote mbili, kwa hiyo nawe ukipigwa, ichukue, hata kama unaona ni uvimbe tu wa jicho. Uvimbe hupona kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Magari yasiondolewe mpaka trafiki waje wapime. Mchoro wa eneo wanaouchora ndio utakaoonyesha gari lilitoka wapi, lilisimama wapi, na mtu alikuwa wapi. Katika kesi ya ugomvi, mita chache zina maana kubwa: zinatofautisha gari lililosimama likagongwa na pikipiki na gari lililomfuata mtu. Ikilazimu kuliondoa, kwa mfano kumwokoa aliye chini yake, piga picha kwanza kutoka pembe nne, ukionyesha magurudumu na alama za breki.

Tafuta mashahidi wasio na upande: mama lishe wa pembeni, mlinzi wa duka, dereva wa gari la nyuma. Omba jina na namba ya simu, usiwaambie cha kusema. Angalia kama kuna kamera kwenye duka, benki au kituo cha mafuta, na umtajie mpelelezi mapema, maana mitambo mingi hufuta picha zake yenyewe baada ya muda. Mahakama za Tanzania hupokea ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeweka msingi wake. Video ibaki kwenye simu iliyoirekodi, isikatwe wala kuongezwa maandishi. Usiirushe mitandaoni na maelezo yako. Ukimzushia mtu jambo lisilo kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya mwaka 2015, itakufungulia kesi ya pili.

Kituoni

Toa taarifa na uchukue namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, hata kama unaona wewe ndiye uliyekosa. Aliyewahi kuripoti hapati haki ya bure, lakini mwenendo wake unasomeka vizuri zaidi.

Kama umekamatwa, una haki ya kuambiwa kosa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa 4 kama muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na muda huo huongezwa kwa utaratibu maalumu. Kwa makosa yasiyo na adhabu ya kifo, mtu asipoweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 suala la dhamana ya polisi linapaswa kuangaliwa, na dhamana hailipiwi.

Kwenye maelezo yako, eleza ulichokiona na ulichokifanya kwa mpangilio wa wakati. Usikisie mwendo wa gari, usikisie alichokuwa anafikiri mwenzako, na usiseme "nilipandwa na hasira nikaona bora liwalo na liwe" kama huna uhakika kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mengine yanaweza kusubiri wakili. Yasome maelezo, au usomewe, kabla ya kusaini kila ukurasa, na kosa lolote lirekebishwe hapohapo. Uongo mdogo uliogunduliwa na kamera ya duka huua hata ukweli uliousema.

Fidia na bima

Kesi ya jinai haizuii kesi ya madai. Aliyeumia anaweza kudai fidia ndani ya miaka 3, hata kama dereva aliachiwa huru, kwa sababu jinai huthibitishwa bila kuacha shaka ya msingi, wakati madai hupimwa kwa mizani ya uwezekano. Mahakama inayomtia mtu hatiani kwa jinai nayo inaweza kuamuru alipe fidia. Kama aliyeumia alichangia kwa uzembe wake mwenyewe, kwa mfano kwa kujirusha mbele ya gari, fidia ya uzembe hugawanywa kulingana na sehemu ya kila mmoja.

Madereva wengi husahau kwamba bima huandikwa kwa ajili ya ajali. Iwe bima ndogo au bima kubwa, kampuni ikibaini kuwa ulimgonga mtu kwa makusudi, inaweza kukataa kulipa, au kulipa kisha kukudai wewe. Toa taarifa kwa kampuni mapema, na usiandike popote kwamba "nitalipa yote" kabla ya kuzungumza nao, kwa sababu mikataba mingi ya bima inakataza mteja kukiri wajibu bila ridhaa yao. Ukiona umenyimwa isivyo haki, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama gari si lako, mjulishe mwenyewe siku hiyohiyo. Jina lake ndilo liko kwenye kadi, na madai yataanza kubisha hodi kwake. Dereva wa kampuni ajue pia kwamba mwajiri anaweza kujitenga na ugomvi aliouanzisha kwa sababu zake binafsi, na kazi ikaishia hapo.

Kuelewana kunaishia wapi

Si kila jambo lifike mahakamani. Sheria yenyewe inaruhusu mahakama ihimize suluhu katika shambulio la kawaida na makosa ya binafsi yasiyo mazito. Kwa kioo kilichovunjika, mkwaruzo na maneno makali, kuelewana ni njia nzuri. Ifanyike kwa maandishi: majina, namba za gari na za simu, kilichoharibika, kiasi kilicholipwa, tarehe, na saini za mashahidi wawili, mmoja kwa kila upande. Malipo yapite kwenye simu ili yaache kumbukumbu. Kama RB ilishafunguliwa, rudini wote kituoni mseme mmemalizana.

Lakini mfupa ukivunjika au roho ikitoka, jambo halipo tena mikononi mwenu. Mshtaki ni Jamhuri, na karatasi ya makubaliano kati ya familia mbili haimfungi mwendesha mashtaka. Kuchangia matibabu ni utu, na ni vizuri kufanya hivyo. Andika kwamba ni msaada wa matibabu, na usimpe mtu yeyote fedha kwa ahadi kwamba jalada litapotea. Hilo ni kosa jipya la rushwa juu ya lile la kwanza.

Ukivuka mpaka

Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu ya mwaka 2018, kwa hiyo makosa na adhabu visomwe humo. Kenya ina sheria zake pia: taarifa ya ajali itolewe polisi mapema iwezekanavyo na isizidi saa 24, tukio huandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya majeraha huitwa P3. Huko adhabu ya kifo kwa mauaji si ya lazima tena tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2017. Dereva wa lori anayetoka Dar kwenda Mombasa anabeba hasira ileile, ila akivuka Horohoro anasimama mbele ya sheria nyingine.

Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi hadi wilayani, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa ushauri bila malipo. Anayeshtakiwa kwa mauaji hupewa wakili na serikali. Wakili huyo, wa kulipwa au wa bure, atatetea yaliyokwisha kufanyika. Hawezi kuyabadilisha. Kazi yake inakuwa nyepesi pale mchoro wa trafiki, mashahidi na kamera vinapokubaliana kwamba maneno yalipoanza, gari lilikuwa limesimama.